Mkahawa wa Blida

Mwaka 1953 daktari Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alianza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Algeria ilipokuwa bado chini ya Wafaransa. Alitunza wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu, wenyeji wa nchi lakini wageni katika hospitali hiyo. Akaanzisha mikutano, sinema na sherehe. Wanawake wakachangamka, wanaume wakabaki kimya.

Ilikuwa rahisi kuwalaumu. Mabingwa wa Algiers walikwisha kufundisha kwamba akili ya Mwafrika wa Kaskazini ina upungufu wa asili. Lakini Fanon na mwenzake Jacques Azoulay, katika makala ya 1954, walijihukumu wao wenyewe: walikuwa wamewatwika wagonjwa hao desturi za Ufaransa. Tena daktari hakujua Kiarabu. Mgonjwa alieleza uchungu wake kwa kinywa cha mkalimani, na katika mambo ya moyo hiyo si hasara ndogo.

Basi ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, akaitwa msimulizi wa hadithi. Sasa wanaume wale walikuwa na mahali pa kuketi pamoja, na wakasikiliza hadithi kwa lugha yao wenyewe.