Mabonde Yaliyokuwa Njia

Kwenye ramani ya Kagera iliyobandikwa darasani, barabara zimechorwa kwa rangi nyekundu na mito kwa buluu. Mtoto akiitazama anaamini kwamba watu hupita kwenye nyekundu. Nilifundisha historia katika shule za msingi za Muleba mpaka nikastaafu, na jambo nililotamani kila mwanafunzi aondoke nalo ni hili: kabla ya lami, watu wa falme za Wahaya za Ihangiro, Kianja, Maruku na Kyamtwara walipita kwenye buluu. Walikanyaga matope, wakakata matete, wakapiga kasia. Ukitaka kuijua historia ya Wahaya, shuka bondeni.

Umbo la nchi yetu ndilo lililoamua mambo. Kuanzia ufukwe wa Ziwa Viktoria kwenda magharibi, vilima vimejipanga kwa safu ndefu za kaskazini na kusini. Juu ya vilima ndiko iliko migomba, mibuni na nyumba. Pembeni kuna rweya, mbuga za nyasi zisizo na rutuba. Na chini kuna maji. Mto Ngono unaanzia upande wa Muleba, na ingawa ziwa liko karibu, ng'ambo ya vilima tu, hauendi huko. Unageukia kaskazini, unapita taratibu kwenye bonde tambarare, unajitandaza kwenye mafunjo, kisha unaingia Mto Kagera. Kagera ndiyo inayoyafikisha maji hayo ziwani, nayo inamwagia upande wa Uganda, kaskazini kidogo ya mpaka. Yaani tone la mvua lililoanguka kwenye mteremko wa magharibi wa Muleba linazunguka mkoa mzima kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Na mvua ipo: Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma.

Bibi yangu aliolewa ng'ambo ya bonde. Alisimulia kwamba njia ya kwao ilikuwa na wenyewe. Kila baada ya masika, vijana wa pande mbili walishuka, wakakata mafunjo, wakayalaza kwa mafungu juu ya matope, fungu juu ya fungu, mpaka mtu aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani aweze kupita bila kuzama. Palipokuwa na kina, palikuwa na mtumbwi wa gogo na mvushaji mwenye upondo. Harusi zilipita hapo, na wagonjwa, na misiba. Mabinti walishuka kukata nyasi za kutandika sakafu ya msonge na mafunjo ya kusukia mikeka. Wavulana walishuka na migono kutega kambare, na kiangazi walimtafuta kamongo, samaki anayejichimbia kwenye matope na kupumua hewa mpaka maji yarudi. Hizo zilikuwa kazi za watoto, na zilifanyika chini ya macho ya wakubwa. Matembezi ya familia bondeni tunayoyaona leo kama jambo la wageni yalikuwa sehemu ya malezi.

Lakini kuna kitu kikubwa zaidi kilichotoka mabondeni, na hapa naomba msomaji asinipite haraka.

Mwaka 1970 mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Peter Schmidt, alichimba Katuruka, kijiji cha Maruku, mahali ambapo wazee walikuwa wakimhadithia habari za Mkama, yaani mfalme, Rugomora Mahe na mnara wa chuma aliotaka kuujenga ufike mbinguni. Wazee walimwonyesha mahali, naye akachimba hapo hapo, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, pamoja na vyungu vya aina inayoitwa Urewe. Baadaye, karibu na ghuba ya Kemondo, yakapatikana matanuri ya kale. Ili kuelewa yalivyofanya kazi, Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba wazee waliokumbuka kazi hiyo tangu ujana wao wayajenge tena. Wazee wakachimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, wakainua ukuta kwa mavi ya chuma ya zamani na udongo huo huo. Wakaingiza mabomba ya udongo mpaka ndani ya tanuri ili hewa ya mivukuto ipate joto kabla ya kufika motoni. Kisha, kabla ya kuweka mkaa na mawe ya chuma, wakaleta nyasi za kinamasini, mzigo baada ya mzigo, wakazichoma ndani ya lile shimo mpaka likajaa makaa meusi ya nyasi.

Nyasi hizo ndizo zilizokuwa na siri. Mawe ya chuma yalipoyeyuka na kushuka, yalikutana na makaa hayo, chuma kikachukua kaboni, na kilichotoka kilikuwa na chuma cha pua ndani yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science, na wasomi wengi wakalazimika kufikiria upya waliyokuwa wakiyaamini kuhusu ufundi wa Afrika. Mimi nilisoma habari hizo nikiwa tayari mwalimu, na nilikasirika kwamba sikufundishwa nikiwa mwanafunzi. Siku hizi, kila ninapowapeleka wajukuu Katuruka, tunapita kwanza bondeni. Kila mmoja anakata nyasi zake kidogo na kuzibeba juu kilimani kwa miguu yake. Wakifika, nawaeleza kwamba waliotangulia walibeba hizo hizo, kwa mteremko huo huo, na jembe lililofyeka msitu wa nchi hii likazaliwa humo. Hakuna somo la darasani ambalo limewahi kuwanyamazisha watoto namna hiyo.

Tukija kwenye kasia, habari ni nyingi zaidi. Ziwa lilikuwa na mwenyewe, Mugasha, bwana wa maji na tufani, na mvuvi hakuingiza mtumbwi majini bila kumkumbuka. Mitumbwi ya ziwani haikuwa ya gogo moja kama ile ya Ngono. Ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za nyuzi, ufundi ambao watu wa pwani ya magharibi ya ziwa walishirikiana na Waganda. Kwa mitumbwi hiyo, buni zilizochemshwa na kukaushwa, zile za kutafuna ambazo mgeni hupewa mpaka leo, zilivuka kwenda Buganda.

Watoto hupenda kusikia habari za Bumbire, nami nawasimulia bila kuficha. Kisiwa cha Bumbire leo ni sehemu ya Wilaya ya Muleba. Aprili 1875 Henry Morton Stanley alikuwa akirudi kusini kutoka kwa Kabaka Mutesa kwa mashua yake, Lady Alice, watu wake wakiwa na njaa. Bumbire ilikuwa chini ya Mkama wa Ihangiro, ambaye Stanley alimwandika kwa jina la Antari. Wanakisiwa waliivuta mashua nchi kavu pamoja na watu waliokuwemo, na kitu walichokichukua ni makasia. Walijua wanachofanya: katika ziwa hili, asiye na kasia hana uwezo wowote. Wageni waliisukuma mashua majini kwa nguvu, wakang'oa mbao za sakafu yake na kuzifanya makasia, wakatoroka huku wakipiga risasi. Agosti mwaka huo huo Stanley alirudi na kundi la mitumbwi, akaipanga karibu na ufukwe, akawapiga risasi watu waliosimama pale na mikuki, mishale na kombeo. Aliyaandika mwenyewe, na barua zake ziliposomwa Uingereza wapo waliomlaani waziwazi. Kwa maoni yangu, walistahili kulaani zaidi. Tukiwa ufukweni upande wa Muleba na visiwa vinaonekana, hii ndiyo historia ninayoitaja kwanza, kabla ya kutaja jina la mzungu yeyote mwingine.

Waliofuata walipita njia hiyo hiyo ya maji. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mapadre Weupe walifika kutoka Buganda mwaka 1892 na kukaa Kashozi. Juni 1915 Waingereza walitoka Kisumu kwa meli, wakashuka kaskazini ya mji wa Bukoba na kuubomoa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Kahawa ya Kamachumu iliteremshwa kwa vichwa vya watu kwenda ziwani kabla ya magari kuzoeleka. Na Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolipua daraja la Kyaka, Mto Kagera ukawa tena kama ulivyokuwa zamani: wa kuvukwa kwa chombo. Mjomba wangu aliyekuwa na shamba upande wa Missenyi alivushwa usiku kwa mtumbwi wa gogo, pamoja na watoto wake. Mvushaji hakuwasha taa wala hakuuliza nauli.

Kwa nini basi tuliyaacha mabonde? Barabara ni sababu mojawapo, na siilaumu. Mama mjamzito wa Nshamba anaihitaji. Sababu nyingine ni samaki. Zamani, mito ilipojaa masika, ningu walitoka ziwani kwa makundi wakapanda Kagera na vijito vyake kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Watu waliwangoja kwa migono. Zilipokuja nyavu za makila, zikatandazwa midomoni mwa mito, ningu walikamatwa kabla ya kutaga, na kufikia miaka ya 1960 uvuvi wao ulikuwa umeanguka. Bonde lisilo na ningu lilibaki na watu wachache wenye sababu ya kushuka. Kisha likaja gugu maji, lililoingia ziwani kwa kuletwa na Kagera yenyewe kutoka Rwanda, na kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limeziba mialo. Sasa watu wanashuka tena, lakini kwa jembe: wanachimba mitaro, wanakausha, wanalima mpaka ukingoni.

Gharama yake inaonekana mjini Bukoba. Mto Kanoni unapita katikati ya mji, na mvua kubwa zikinyesha maji huingia majumbani, kwa sababu matete yaliyoyapunguza kasi yamefyekwa na nyumba zimejengwa palepale. Ziwa nalo lina kumbukumbu ndefu. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 likafika tena kiwango kile. Aliyejenga kwenye kinamasi amejenga ndani ya ziwa. Tofauti ni miaka tu.

Kwa mzazi anayetaka kuanza, nitasema ninachokijua. Mvua na ngurumo za Bukoba hupenda alfajiri, kwa hiyo ngojeni zipite, mtoke saa mbili au saa tatu asubuhi, mrudi kabla ya upepo wa mchana kuchafua maji. Kwa watoto wadogo anzeni kwa miguu: ukingo wa Kanoni kuelekea ziwani, au njia za mteremko wa Maruku kwenda Katuruka. Wakizoea, nendeni bonde la Ngono au Ziwa Ikimba kwa mtumbwi mpana, pamoja na mvushaji wa hapo hapo, na kila mtoto awe amevaa boya. Msichukue mvushaji asiyejua kiboko hulala wapi. Mto Kagera wenyewe siwapelekei wadogo: una mkondo mkali, mamba na viboko. Mtoto asichezee maji yaliyotulia kwenye matete ya ukingo wa ziwa, maana ndiko waliko konokono wa kichocho. Na akishachezea, apelekwe zahanati apimwe. Mkikaa kimya kwenye mafunjo mnaweza kumwona korongo taji, na mkiwa na bahati kubwa sana, nzohe, swala anayeishi kinamasini na kujificha majini mpaka pua tu ibaki juu.

Mwachieni mtoto kasia. Atazungusha mtumbwi, atalowa, atachoka, kisha ataelewa kwa mikono yake kwa nini watu wa Bumbire walichukua makasia kwanza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Wenyeviti wa vijiji na mitaa ya Bukoba na Muleba, nawaomba mzipime mita hizo na kuweka alama zinazoonekana, mmoja mmoja, kuanzia kijiji chako. Walimu wenzangu, nawaomba muwapeleke wanafunzi wakazipime pamoja nanyi. Na wewe mzazi, Jumamosi ijayo shuka bondeni na wanao, umtafute mzee wa hapo aliyewahi kuvusha watu, umwombe awaonyeshe njia ilikopita.