Kiti cha Kulala Flati Ndegeni: Vitu vya Kucheki Kabla Utoe Ganji

Kama ushawahi panda basi ya usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa, unajua vile shingo huamka ikiwa imekwama. Sasa fikiria masaa karibu 15 ukiwa umekaa. Hiyo ndio safari ya Nairobi hadi New York, ambayo Kenya Airways walianza kuipiga bila kusimama Oktoba 2018. Ndio maana mashirika ya ndege yanashindania kitu moja kwa daraja la biashara: kiti kinachogeuka kitanda.

Noma ni kwamba tiketi huandikwa "biashara" tu. Haikuambii kama utadoz ama utakunja mgongo. Shika rada.

Ilianza wapi?

British Airways ndio walianza kuweka vitanda kwa daraja la biashara, mwaka wa 2000. Ndio vitoshee, walivipanga kimoja kikiangalia mbele, jirani yake kikiangalia nyuma. 2003 Virgin Atlantic wakaleta viti vya mshazari, kila msee anatoka moja kwa moja kwa njia. 2017 Qatar Airways wakaachilia Qsuite: kiti kiko na mlango wa kufunga, na vingine vya katikati vinaungana kuwa kitanda cha wawili.

Aina 3 za viti vya biashara

- Cha kuegemea. Kinarudi nyuma kama kiti cha kinyozi, basi. Utakipata kwa ndege ndogo, kama Boeing 737-800 za Kenya Airways.
- Cha mteremko. Kinanyooka lakini kimeinama. Ukilala unateleza polepole kama mtoto kwa slaidi. Vimebaki kwa ndege za kitambo.
- Cha digrii 180. Kiko sambamba na sakafu, hiki ndio kitanda chenyewe. Dreamliner za Kenya Airways, yaani Boeing 787-8, ziko navyo 30.

Umeona hiyo? Shirika ni moja, daraja ni moja, lakini ndege moja unalala na ingine unaegemea.

2-2-2 ama 1-2-1?

Hizi namba ni vile viti vimepangwa kutoka dirisha hadi dirisha. Kwa 2-2-2, ukiwa dirishani na jirani amelala, choo ni mpaka umruke. Kwa 1-2-1, kila mtu ako na njia yake. Emirates walikuwa na 2-3-2 kwa Boeing 777 zao, yaani unalipa pesa ya biashara na bado unakaa katikati ya wasee wawili. Tangu 2024 wamekuwa wakizikarabati, na viti vipya ni 1-2-1.

Mbona wasibadilishe zote mara moja?

Ju ya nafasi na kazi. Kitanda kimoja kinakula nafasi ya viti kadhaa vya ikonomi. Kwa hiyo Dreamliner ya 30 biashara, ikonomi ni 204. Alafu kiti kipya lazima kipite jaribio la ajali, kivumilie nguvu ya mara 16 ya uzito wake. Na ndege ikiwa gereji haiingizi doh, so zinaingia moja moja. Ndio maana wewe na beshte yako mnaweza enda njia moja, shirika moja, wiki tofauti, mmoja alale na mwingine ateleze.

Kabla ulipe

1. Cheki aina ya ndege wakati unabuk. Huandikwa karibu na namba ya safari.
2. Fungua ramani ya viti, hesabu mpangilio.
3. Uliza "ni digrii 180?" Usiulize "kinalala?" Cha mteremko pia watakuambia kinalala.
4. Cheki tena siku chache kabla ya safari. Ndege hubadilishwa.
5. Safari ya saa moja au mbili? Wacha. Hata chakula haitakuwa imeisha.
6. Mashirika mengine hukuruhusu kuongeza pesa au pointi karibu na siku ya kusafiri. Kama unampeleka mathe akaone wajukuu majuu, hapo ndio pa kujaribu bahati.

Daraja la biashara ni jina tu. Unacholipia ni usingizi, so hakikisha kitanda kiko kabla ganji itoke.

Wewe je, ungelipia kitanda ama ungevumilia ikonomi ubaki na doh ya shopping?