Wengi Wape

Kila aketiye mbele ya kinanda huona vitufe vingi vimejipanga, akadhani kila kitufe kina sauti yake. Kwa piano ni kweli, maana kila kitufe kina nyundo yake na nyuzi zake. Kwa sintesaiza sivyo. Mimi niliyepiga kinanda cha kwaya kwa miaka mingi naona kwamba historia ya chombo hiki ni historia ya kugawana kidogo kilichopo.

Mwaka 1939 kampuni ya Hammond ya Marekani ilijaribu kukipa kila kitufe haki yake. Novachord yake ilikuwa na vitufe 72, na vyote viliweza kulia kwa pamoja. Lakini ilihitaji valvu zaidi ya 160, ikawa nzito na ghali. Mitambo ya Moog ikashika njia nyingine: sauti moja tu, ila ya kufinyanga upendavyo. Ndiyo maana Wendy Carlos, aliyetoa kazi za Bach kwa mtambo wa Moog mwaka 1968, alirekodi mstari mmoja mmoja na kuupandisha juu ya mwingine kwenye utepe. Hata Minimoog ya mwaka 1970, ukibonyeza vitufe viwili, husikika cha chini peke yake.

Mwaka 1978 Dave Smith wa Sequential Circuits, huko California, alitoa Prophet-5: vitufe 61, sauti tano. Ndani yake maikroprosesa ilikagua vitufe bila kuchoka, na kila kilichobonyezwa kikapewa sauti iliyokuwa bure. Mpigaji alipata njia mbili. Aweza kuipa kila noti sauti yake, mpaka zitimie tano. Au aweza kuzikusanya zote tano kwenye kitufe kimoja, mlio ukawa mnene kama kwaya nzima inayoimba noti ile ile. Ila hapo noti ya pili haina nafasi.

Na noti ya sita je? Wahenga walisema: wengi wape, usipowapa watapokonya. Mitambo mingi humnyang'anya aliyetangulia; noti kongwe hukatwa, mgeni akapewa sauti yake. Mara nyingi kongwe huyo ni besi, uliyoishikilia ili nyingine zisimame juu yake. Ikinyamaza, wimbo huyumba. Kwa hiyo wapo mafundi walioweka sharti kwamba noti ya chini kabisa isiguswe, na inayofifia ndiyo itangulie kutolewa.

Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilileta sauti 16, na leo kompyuta hutoa mamia. Hata hivyo, kanyaga pedali, noti zirundikane, nazo 16 zitakwisha. Wingi haukuliondoa swali, umelisogeza mbele tu. Penye nafasi chache lazima iwepo kanuni ya nani anyamaze, na kanuni hiyo imeandikwa na mtu, haikushuka kutoka mbinguni. Mpigaji mwema huijua, akainua kidole kabla hajanyang'anywa.