Karatasi za Nyuma ya Jalada

Mtu akinijia anataka kujua historia ya bomoabomoa jijini Dar es Salaam, simwelekezi kwenye hukumu. Namwambia afungue jalada kwa nyuma, aruke hati ya madai na viapo, mpaka afike kwenye orodha ya majina: namba, jina kamili, mtaa, saini au dole gumba. Nilikuwa karani wa masjala tangu enzi za taipureta na karatasi ya kaboni. Orodha hizo nimezichapa, nimezitoboa, nimezifunga kwa uzi. Kwa nilivyoona, mapambano yenyewe yalikuwa humo: nani jina lake limo, nani halimo, na aliyeachwa aingieje wakati kesi imeshaanza.

Utaratibu wa kumwingiza aliyeachwa tuliupata India. Waingereza walipoishika Tanganyika hawakukaa kutunga sheria yao ya mwenendo wa madai. Kuanzia 1920 walileta ile ya India ya mwaka 1908, tukaitumia mpaka Bunge letu lilipotunga ya kwetu mwaka 1966. Ukiziweka sheria hizo mbili mezani, utadhani mapacha: mpangilio uleule, Amri ya Kwanza inahusu wadaawa kule na huku, Kanuni ya 10 inasema jambo lilelile. Wahindi nao walikuwa wameitoa Uingereza, ambako kabla ya mageuzi ya mahakama ya miaka ya 1870 mdaiwa aliweza kuiangusha kesi nzima kwa pingamizi tu kwamba kuna mdaiwa mwenzake aliyesahauliwa. Mageuzi yakasema kesi isife kwa sababu ya jina lililokosekana, jaji aliongeze.

Kwa hiyo Kanuni ya 10 inampa jaji uwezo mkubwa. Wakati wowote wa shauri, aombwe asiombwe, anaweza kufuta jina lisilohusika na kuongeza jina la mtu ambaye bila yeye ugomvi hauwezi kuamuliwa ukaisha. Ila kuna kufuli dogo: mtu hafanywi mdai bila ridhaa yake. Kufanywa mdaiwa haulizwi. Kufuli hilo wengi hawalijui, nami nimeliona likifanya kazi mara nyingi, kwa sababu si kila mwenye nyumba aliyepigwa X ya kubomolewa ukutani alitaka kusaini. Wapo walioogopa gharama za kesi wakishindwa. Wapo walionong'onezwa kwamba atakayesaini hatapata fidia. Na wapo waliosema, waziwazi kabisa, wenzetu wakishinda na sisi tutakuwa tumeshinda.

Hao wa mwisho walikuwa na hoja kiasi, kwa sababu ya Kanuni ya 8, yaani kesi ya uwakilishi. Wenye shida moja wanaweza kumtanguliza mmoja au wawili kwa idhini ya mahakama, na wengine wajulishwe, hata kwa tangazo gazetini. Nani asiyemkumbuka Festo Balegele na wenzake 794? Wakazi wa Kunduchi Mtongani hao, walioishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1991 kwa kuwamwagia taka, baada ya Joseph Kessy na watu wa Tabata kushinda kesi ya dampo lao mwaka 1988. Haikuwa kesi ya kubomolewa, lakini sisi masjala tulijifunza mengi kwa kesi za namna hiyo. Nyuma ya watu 794 kuna karatasi, na kila karatasi ina mtu atakayekuja dirishani kuuliza kama jina lake limeandikwa sawasawa.

Kuingia kwenye kesi ni jambo moja. Kuifungua kesi yenyewe dhidi ya Serikali lilikuwa jambo jingine. Tangu mabadiliko ya mwaka 1974 hukuweza kuishtaki Serikali bila kibali cha Serikali yenyewe. Ajabu hiyo ilidumu hadi 1993, Mahakama ya Rufani iliposema, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun na mwenzake, kwamba sharti hilo linakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likaweka notisi ya siku 90 badala ya kibali.

Sasa piga hesabu. Tangazo la kubomoa linabandikwa na kutoa siku 14, mara nyingine saba. Sheria inataka umpe mwenzako siku 90 kabla hujamshtaki. Nyumba itakuwa kifusi siku 76 kabla mlango wa mahakama haujafunguliwa. Mawakili wakabuni njia: wanaomba zuio la kusubiria notisi iishe, na wanaliita mareva. Mareva ilikuwa meli. Mwaka 1975 wenye meli hiyo walikwenda mahakamani London kuzuia fedha za walioikodi zisitoke benki kabla ya kesi kusikilizwa. Sidhani kama majaji wale waliwaza kwamba siku moja jina la meli yao litatamkwa na fundi seremala wa Kigogo aliyeshika tofali moja la ukuta wake kama kielelezo. Tofali nilikataa kulipokea. Masjala hupokea karatasi.

Desemba 2015 matingatinga yaliposhuka bonde la Msimbazi, nilikuwa bado kazini. Serikali ilisimamia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyofanya watu wahamishiwe Mabwepande, yalikuwa hayajasahaulika. Januari 2016 Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, ikatoa zuio la muda kwa wakazi waliokwenda mbele yake. Tatizo ni kwamba zuio la madai humlinda aliyeliomba. Nyumba mbili zinagusana, zinatumia ukuta mmoja, mwenye hii yumo kwenye orodha na mwenye ile hayumo. Zuio linaishia katikati ya ukuta.

Hapo ndipo Kanuni ya 10 ilipokuwa na maana kwa watu ambao hawajawahi kuisikia. Nitamsema mama mmoja, mjane, wa bonde jingine nisilotaja, katika kesi iliyotangulia ile ya Msimbazi. Alikuja na hati ya mauziano ya kiwanja iliyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mistari ya samawati, shahidi wa kwanza mjumbe wa nyumba kumi, mhuri wa ofisi ya mtaa umefifia. Jina la mnunuzi: marehemu mumewe.

"Mwanangu, mimi si ndiye ninayekaa humo?" akaniuliza.

Nikamwambia, mama, kukaa unakaa, lakini mwenye jina hayupo.

Wakili wake akamweleza kwamba lazima kwanza awe msimamizi wa mirathi. Maana yake kikao cha ukoo, muhtasari wenye saini, cheti cha kifo, ombi Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe na muda wake upite. Ukoo wa marehemu uko Lushoto. Shemeji yake, aliyekuwa hajaonekana tangu arobaini, akasema msimamizi ni yeye. Wakavutana. Wakati wanavutana, kesi ya wenzake ilikuwa imeshafunguliwa kwa majina mengine, na zuio limeshatoka. Upande wa jiko na choo cha nyumba ya mama ulikuwa umeshaangushwa.

Barua ya usimamizi ilipopatikana, wakili akapeleka maombi ya kumuunganisha. Kwenye chumba cha jaji hayakuchukua hata robo saa, upande wa pili haukupinga. Lakini jina likiongezwa, hati ya madai inarekebishwa, na hati ikirekebishwa inasambazwa upya kwa wadaiwa wote, nao wanapewa muda wa kujibu upya. Wenzake waliokuwa wakingoja tarehe ya kusikilizwa walinung'unika, mmoja akasema mbele yake kwamba huyu mama ametuchelewesha. Mama akanyamaza. Nilitamani kumjibu yule bwana, lakini karani hajibu.

Wajane kama yeye walikuwa wengi kuliko watu wanavyodhani. Mjini kwetu nyumba nyingi zimejengwa kwenye viwanja visivyopimwa. Mwenye hatimiliki ni mmoja kati ya wengi, mwingine ana leseni ya makazi, mwingine ana karatasi ya mtaa, mwingine ana mashahidi tu na baadhi yao wamekwisha kufa. Mara baba yumo kwenye hati, mtoto ndiye aliyepandisha ukuta, mpangaji ndiye aliyeona X akapiga simu. Ukiuliza ni nani kati yao aunganishwe, utasikia majibu matatu kutoka nyumba moja.

Wenzetu wa Kenya walipata njia pana zaidi. Katiba yao ya 2010 inamruhusu mtu au chama kudai haki kwa niaba ya kundi. Ndivyo chama cha Mitu-Bell kilivyosimama kwa ajili ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, waliobomolewa Novemba 2011 wakati amri ya mahakama ya kuzuia ipo. Walipanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu Januari 2021. Njia pana, lakini ilichukua karibu miaka kumi.

Huku kwetu Kanuni ya 10 hugeuka pia. Jirani anaishtaki halmashauri akitaka jengo lililoota kwenye eneo la wazi livunjwe, mwenye jengo hajaitwa. Anashinda, na siku dalali wa mahakama anapofika na vibarua, ndipo mwenye jengo anaposikia kwamba kulikuwa na kesi. Majaji wetu walishalikemea hilo. Tangu shauri la Juma Kadala la mwaka 1983 inajulikana kwamba anayedai ardhi iliyouzwa lazima amuunganishe na mnunuzi, akimwacha kesi yake ina kasoro kubwa. Hapo mwenye mali huingizwa apende asipende, na anapaswa kushukuru.

Mwaka 2020 sheria ikabadilishwa: Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika kila shauri dhidi ya Serikali, zikiwemo halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na asipounganishwa mwenendo mzima ni batili. Jina lake sasa haliwezi kusahauliwa. Mimi nimestaafu, lakini watu wa mitaani bado wananifuata na karatasi zao kwenye mifuko ya nailoni, wakitaka niwaambie waanzie wapi. Nawauliza jina lililo kwenye hati ya mauziano ni la nani, na kama yu hai.