Pointi za Hoteli na Stakabadhi za Kahawa: Nani Hulipia Mapumziko?

Ndugu msomaji, kama una jamaa Marekani, au unafanya kazi kwenye shirika lenye safari nyingi, neno "pointi" si geni kwako. Ukilala hotelini unaandikiwa pointi. Ukilipa kwa kadi ya benki fulani unaandikiwa pointi. Zikijaa, unalala "bure". Siku hizi hata kwetu Nshamba, kule Muleba, utamsikia mtu akisema fulani kaipeleka familia yake baharini kwa pointi.

Nimekuwa nikijiuliza: hii bure inatoka wapi? Nilivyozidi kulitafakari neno hili niliona kwamba lina historia, na sehemu ya historia hiyo watu wa Nshamba wanaijua kuliko wanavyodhani. Haya, twende taratibu.

Tuanze na likizo yenyewe. Wakati wa Mwingereza, ofisa wa kizungu Tanganyika alikuwa akimaliza kipindi chake cha kazi, anapanda meli kwenda kwao kupumzika, nauli amelipiwa na serikali ya koloni. Baada ya uhuru mtumishi wetu wa umma alirithi kitu kinachofanana na hicho: nauli ya likizo, ambayo hadi leo hulipwa kila baada ya miaka miwili. Lakini angalia inampeleka wapi. Inampeleka nyumbani. Mwalimu wa Nshamba anayefundisha Lindi hapewi nauli ya kwenda kuogelea, anapewa ya kwenda kwao. Kwa Mhaya likizo ni kibanja: migomba, kahawa, makaburi ya wazee, na mgeni akiingia anapewa akamwani atafune kabla hujamuuliza shida yake. Hakuna anayehesabu.

Kwa hiyo hoteli ya ufukweni, tangu mwanzo, haikujengwa kwa ajili ya huyu mwalimu. Hili si siri, na tulishawahi kulijadili kama taifa. Tulipopata Azimio la Arusha Februari 1967, Hoteli ya Kilimanjaro pale Dar es Salaam ilikuwa imefunguliwa miaka miwili tu nyuma, mwaka 1965. Baadaye serikali ikawa na Shirika la Utalii, TTC, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaja hoteli za pwani kaskazini ya jiji, kama Kunduchi na Bahari Beach. Nchi ya ujamaa ikawa inajenga vitanda vya watalii kutoka Ulaya.

Vijana hawakunyamaza. Mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU pale Chuo Kikuu ulianzisha mjadala mkali kwenye gazeti la The Standard, ambalo serikali ilikuwa imelitaifisha Februari mwaka huohuo. Wakauliza: utalii na ujamaa vinakaaje nyumba moja? Fedha za kigeni zinazoingia, ni ngapi zinatoka tena kununua vyombo, vinywaji na vyakula vya mgeni huyohuyo? Na kijana wa Kitanzania anayefundishwa kuinama kila siku mbele ya tajiri, anajifunza nini juu yake mwenyewe? Waliotetea utalii wakajibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni kununua mashine na dawa, na kwamba bahari na wanyama tunavyo tayari. Issa Shivji aliuhariri mjadala ule ukawa kitabu, kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Ukikipata kisome, utadhani kimeandikwa wiki iliyopita.

Swali moja halikupewa nafasi kubwa: Mtanzania mwenyewe atakwenda lini kulala pale na watoto wake? Nadhani pande zote mbili zilichukulia kwamba hatakwenda. Wengine walimwona kama mhudumu, wengine kama mhanga, lakini wachache sana walimwona kama mgeni wa hoteli.

Sasa tuvuke bahari tuone pointi zilizaliwa wapi. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wa kuwaandikia abiria wake maili, ili wasihamie kwa washindani. Mwaka 1983 Holiday Inn na Marriott wakaiga kwa upande wa hoteli. Hyatt nao wakaanzisha wa kwao mwaka 1987, na mwaka 2017 wakaubadilisha ukawa World of Hyatt. Mwanzoni mlengwa alikuwa mfanyabiashara anayelala hotelini kwa fedha za kampuni yake. Hapo kuna ujanja wa kwanza: mara nyingi pointi huandikwa kwa jina la aliyelala, hata kama aliyelipa ni ofisi. Ujanja wa pili ulikuja na kadi za kukopea. Benki hununua pointi kutoka kwa kampuni ya hoteli, inamgawia mteja wake, kisha inarudisha fedha yake kupitia ada wanazokatwa wenye maduka na riba wanayolipa walioshindwa kumaliza deni kwa wakati.

Kwa hiyo hakuna bure. Ukilala kwa pointi, mpango huo humlipa mwenye hoteli fidia. Fedha ya fidia ilitoka kwa michango ya hoteli nyingine ulikolala kwa kulipa, na kwa benki. Kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni, pointi zako ambazo hujatumia zimeandikwa kama deni. Unawadai.

Nina mfano wa karibu. Baba yangu mdogo anaishi Marekani miaka mingi, anafanya kazi za zamu. Kila kitu ananunua kwa kadi moja: mafuta ya gari, chakula, ada za watoto. Alikuja likizo na mkewe na watoto wawili, akapita Nshamba kumchukua mama yake, yaani bibi yangu, wakaenda Zanzibar. Wakalala usiku tatu Park Hyatt pale Shangani, vyumba viwili, vyote kwa pointi. Bibi, ambaye maji makubwa aliyoyajua ni Ziwa Victoria, alishuka ufukweni akachovya kidole akaonja. Akasema haya ni ya kupikia. Jioni akamuuliza mwanawe: nani amelipa? Akajibiwa, hakuna mama, ni pointi. Bibi akasema, yupo aliyelipa, ila hamjaniambia.

Bibi hakujua yuko ndani ya nyumba ya namna gani. Hoteli ile ilifunguliwa mwaka 2015, na sehemu yake moja ni jumba la Mambo Msiige, lililojengwa kati ya mwaka 1847 na 1850 na tajiri wa Kiarabu. Simulizi za mjini zinasema chokaa yake ilichanganywa na mayai maelfu, na kwamba watumwa walizikwa hai ndani ya kuta. Hizo ni simulizi, lakini jina lenyewe, msiige, linaonyesha watu walivyoliona jumba lile: anasa isiyofaa kuigwa. Baadaye likakaliwa na wamisionari wa UMCA waliofika Zanzibar mwaka 1864, likawa ubalozi mdogo wa Uingereza kuanzia miaka ya 1870 hadi 1913, hospitali ya Wazungu mwaka 1918 hadi 1924, kisha ofisi za serikali.

Likaja suala la kuligeuza hoteli na kuongeza jengo jipya pembeni, mahali palipokuwa eneo la wazi karibu na ufukwe. UNESCO, ambao waliuingiza Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, walilalamika juu ya ukubwa wa jengo lile na juu ya eneo hilo lililopotea. Ikafika mahali Mji Mkongwe ukajadiliwa kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa hiyo katika orodha ya waliolipa mwongeze na mtoto wa Shangani aliyekuwa akipita pale bila kuulizwa unakwenda wapi.

Sasa nirudi kwetu, maana niliahidi kwamba watu wa Nshamba wanaijua habari hii. Mkulima wa kahawa wa Ihangiro hakuwa akipeleka gunia kwenye chama cha msingi na kuondoka na fedha yote. Alipewa malipo ya awali na karatasi, stakabadhi. Kahawa ikishauzwa huko mbele ndipo yaje malipo ya pili. Ile stakabadhi ilikuwa pointi! Ada ya shule ilingoja juu yake, bati zilingoja, mahari yalingoja. Na thamani yake haikupangwa Nshamba. Chama kikuu cha Bukoba, BNCU, kilianza mwaka 1950. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, mamlaka ya kahawa ikashika kazi, na vyama vikarudi katikati ya miaka ya 1980. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika huko London na bei ikaporomoka. Mzee aliyekuwa na stakabadhi mkononi hakuulizwa lolote katika hayo yote.

Pointi ni hivyohivyo. Hoteli hupangwa kwa madaraja, na kampuni ikiipandisha hoteli daraja, pointi ulizokusanya kwa miaka mitano zinanunua usiku mchache zaidi. Huna kikao cha kwenda kulalamika. Anayekudai ana haki fulani kisheria, lakini wewe unayemdai huyu jamaa unadai kwa vipimo vyake yeye.

Lakini kuna tofauti moja, na hapa ndipo ninapotaka tusimame. Mkulima wa kahawa alikuwa pia mwanachama. Alikuwa na kura kwenye mkutano, hata kama kura hiyo mara nyingi ilichezewa na viongozi. KCU, mrithi wa BNCU, kimewahi kumiliki hoteli mjini Bukoba, ikiwemo Coffee Tree Inn. Hebu fikiria: mwanamke wa Nshamba mwenye mibuni hamsini alikuwa, kwa kipande kidogo, mwenye hoteli. Hakuwahi kulala humo, na sidhani kama aliwahi kuambiwa kwamba anayo. Sisi leo tunafurahia kulala usiku tatu kwenye hoteli ya wengine kuliko tulivyowahi kufurahia kumiliki ya kwetu.

Sisemi baba mdogo alikosea. Alifanya vizuri sana, na nitamtetea mbele ya yeyote. Zile pointi ni zamu zake za usiku, na mama aliyeuza kahawa ili yeye asome alistahili kitanda kile kuliko balozi yeyote aliyewahi kulala Shangani. Vijana wa 1970 walimwona Mtanzania kama mhudumu tu wa hoteli ya pwani, na kwa usiku ule tatu bibi yangu aliwakosoa. Ninachosema ni kwamba tusiite bure. Tukiita bure tunawafuta waliolipa: mtu wa zamu, mdaiwa wa kadi, mtoto aliyefungiwa njia ya kwenda ufukweni, na yule dada anayetandika kitanda ambaye likizo yake yeye hakuna anayeihesabia pointi.

Ushauri wangu kwa wenye pointi: zitumieni mapema, kabla hazijashushwa thamani, na wapelekeni wazee wakiwa bado wanaweza kutembea. Kwa wenye ushirika, na hasa viongozi wa vyama vya msingi vya Muleba: waambieni wanachama wanamiliki nini, na kwa nini hawajawahi kualikwa hata chai kwenye mali yao.

Je, wewe msomaji, mara ya mwisho familia yako kupumzika mahali ambapo si nyumbani kwa ndugu ilikuwa lini? Na nani alilipa? Nawaachia mjadala.