Idhini ya Watazamaji: Julian Eltinge na Ufundi wa Kuvaa Ukike Jukwaani

Katika taarikhi ya michezo ya nyimbo na vichekesho ya Marekani hapana mwanamume aliyepanda juu kwa kuigiza mwanamke kama alivyopanda Julian Eltinge, na wanaoandika habari za kushuka kwake aghalabu huridhika na sababu mbili, yaani umri uliomnenepesha mwili, na sinema iliyoyafilisi majumba ambamo alipata riziki yake. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Rai ya makala haya ni kwamba sanaa ya Eltinge ilisimama juu ya idhini aliyopewa na watazamaji, na idhini hiyo ilikuwa na sharti moja ambalo halikuandikwa popote: kwamba isiwemo shaka moyoni mwa mtu yeyote kuwa aliyemo ndani ya gauni lile ni mwanamume kama wanaume wengine. Sharti hilo lilipovunjika, wala si yeye aliyelivunja, libasi ile ile iliyomtajirisha ikawa shauri la polisi.

Alizaliwa mwaka 1881 huko Newtonville, katika jimbo la Massachusetts, akaitwa William Julian Dalton. Jina lake la jukwaani lilianza kuvuma katika mji wa Boston, kwenye michezo ya First Corps of Cadets, kikosi cha askari wa hiari waliotoka katika nyumba zenye hadhi, ambao walikuwa wakitunga michezo ya nyimbo ili wapate fedha za kujengea makao yao, na sehemu za wanawake zikaigizwa na vijana wa kikosi wenyewe. Asili hii si jambo dogo. Kuvaa ukike hakukumjia Eltinge kutoka vilabuni penye ulevi. Kulimjia kutoka kwa mabwana waungwana, mbele ya mama zao na dada zao, na kwa nia njema ya kuchanga fedha. Watu wa zama zile, kama wangalihojiwa juu ya uhalali wake, wangaliweza kutaja pia Uingereza ya Shakespeare, ambako hadi mwaka 1660 wanawake wa jukwaani walikuwa wavulana, au Japani, ambako waigizaji wa kiume wa kabuki walirithi sehemu za kike baada ya wanawake kukatazwa jukwaani mwaka 1629. Lakini nadhani hawakuhojiwa, na huko kutohojiwa ndiko kulikokuwa rasilimali yake ya kwanza.

Mwaka 1904 aliingia Broadway katika mchezo uitwao Mr. Wix of Wickham, na mwaka 1906 alikuwa London, kwenye jukwaa la Palace Theatre. Kati ya safari hizo alijijengea jina katika vodevili, ambako watazamaji kwa usiku mmoja walionyeshwa mwimbaji, mwanasarakasi, mnyama aliyefunzwa na mchekeshaji, kila mmoja kwa dakika zake chache. Huko alitangazwa kwa neno moja tu, Eltinge, pasipo kutajwa kuwa ni mume au mke. Alitoka na gauni la fahari, akaimba kwa sauti laini isiyopigwa chuku, akatembea kwa madaha yaliyopimwa, kisha mwishoni akazivua nywele za bandia, na wale waliokuwa hawajui wakapigwa na butwaa. Ustadi huo ulikuwa na gharama. Kujiandaa kulichukua muda wa saa mbili hivi, pamoja na msaada wa mtumishi wake Mjapani, poda ya mikono na mabega, na vazi la kubana kiuno lililokazwa kwa kamba hata pumzi ikawa ya kuazima.

Tendo lile la kuvua nywele ndilo linalostahili kutazamwa sana, kwa maana watu hulidhania kuwa kipambo cha mwisho, ilhali lilikuwa ndiyo hati yenyewe ya mkataba. Hapo mtazamaji alirudishiwa ulimwengu wake mzima mzima, mume akawa mume, na starehe ya kudanganywa ikahalalishwa kwa sababu udanganyifu umekiriwa. Mchezo uliompatia utajiri, The Fascinating Widow wa mwaka 1911, ulilichukua tendo hilo ukalifanya kuwa hadithi kamili: kijana wa chuo aitwaye Hal Blake analazimika kujificha ndani ya mavazi ya mjane, Bibi Monte, ili awakwepe polisi na amfichue mshindani wake aliyemtaka mchumba wake. Hakuvaa kwa kupenda, alivaa kwa dharura, na mwisho wa yote anamwoa msichana. Mjini New York mchezo haukudumu sana, bali katika safari za majimboni ulimletea fedha nyingi, na A. H. Woods, mfanyabiashara aliyeuandaa, akajenga jumba katika mtaa wa 42 akaliita Eltinge Theatre. Lilifunguliwa Septemba 1912 kwa tamthilia ya mtu mwingine, ambayo jina lake, Within the Law, yaani ndani ya sheria, linamfanya mwenye kujua yaliyofuata atabasamu kwa uchungu.

Nje ya jukwaa mkataba ulilindwa kwa bidii kubwa zaidi. Magazeti yalipelekewa picha zake akipigana ngumi na akivuta biri, na habari za namna alivyowapiga waliothubutu kumdhihaki, nyingi zikiwa zimetungwa na watu wa matangazo. Wakati huo huo alitoa jarida lenye jina lake, akiwafundisha wanawake namna ya kutunza uso na kuchagua mavazi, nao wakamsikiliza. Wapo wataalamu wanaosoma habari hizi kama ushahidi wa maisha yake ya faragha, nami sioni kuwa zinathibitisha lolote ila hofu ya kibiashara. Mtu asiyekuwa na la kupoteza halipi fedha atangazwe kuwa mwanamume.

Umbo la kichekesho chake linaonekana vizuri akiwekwa kando ya Bert Savoy, aliyesifika katika miaka hiyo hiyo pamoja na mwenzake Jay Brennan. Savoy aliigiza mwanamke mpayukaji, mwenye umbea na mikogo, akataka kuchekwa. Eltinge alitaka kustaajabiwa kwanza, na kicheko kije kutokana na mkanganyiko wa wahusika wengine waliomzunguka bibi aliyetulia. Kwa hukumu yangu Savoy, aliyeuawa na radi mwaka 1923, alikuwa mchekeshaji mkubwa zaidi, maana alicheza na shaka ile ile ambayo Eltinge aliikimbia, na waliokuja baadaye walimfuata yeye.

Shaka ilipoenea, Savoy hakuwepo tena kuulizwa. Aliyeulizwa ni Eltinge. Mwaka 1927, baada ya ghasia iliyoletwa na tamthilia ya Mae West iitwayo The Drag, jimbo la New York lilipitisha sheria ya kufunga majumba yatakayoonyesha habari za mapenzi ya jinsia moja, na katika miaka ya 1930 miji mingi ikavikaba vilabu ambamo wanaume walitumbuiza kwa mavazi ya kike. Machoni pa askari tofauti kati ya mjane mwenye staha na mlimbwende wa kilabuni haikuwepo tena. Mwaka 1940 Eltinge aliomba ruhusa kutumbuiza katika kilabu kimoja cha Los Angeles, akanyimwa haki ya kuvaa mavazi yake ya kazi. Basi akasimama kwa suti ya kiume, magauni yake yakiwa yametundikwa kando, akawa ananyoosha mkono kwenye kila gauni na kuigiza mwanamke aliyelivaa.

Wasemao kwamba aliangushwa na uzee hawana budi kueleza tukio hili, kwa kuwa sheria haikumkataza kuwa mnene wala kuwa mzee, ilimkataza kitambaa. Tena hawana budi kueleza kwa nini baadaye New York ilimpokea katika Diamond Horseshoe, kilabu cha Billy Rose kilichowarudisha jukwaani watu mashuhuri wa zamani. Nadhani alipokewa kwa sababu huko aliletwa kama kumbukumbu ya enzi isiyokuwa na shaka, na kumbukumbu haimtishi mtu. Aliugua akiwa katika kazi hiyo, akafariki Machi 1941.