Sahihi ya dijitali: Jinsi ya kutambua hati iliyochezewa

KATIKA saiba za Kibera, kuanzia Olympic hadi Makina, na zile zilizo karibu na kituo cha 46 mtaani Kawangware, wakazi wengi wa Nairobi wasio na tarakilishi nyumbani hulipa ada ndogo ili kuomba hati za serikali, kutafuta kazi na kuchapisha mikataba. Hati hizo ndizo huamua nani ataajiriwa, nani atapewa mkopo na nani ataaminiwa na mwenye nyumba. Hata hivyo, hati iliyo kwenye tarakilishi ni rahisi kubadilishwa, na anayeitazama kwa macho pekee hawezi kuutambua ughushi uliofanywa kwa ustadi.

Sahihi ya dijitali ilibuniwa kutatua tatizo hilo. Haifai kuchanganywa na picha ya sahihi ya mkono au ya muhuri iliyobandikwa kwenye hati. Picha yaweza kunakiliwa na kuhamishiwa hati nyingine kwa dakika chache tu. Sahihi ya dijitali ni zao la hesabu, nayo hufungamana na faili moja pekee.

Inavyofanya kazi

Wazo la sahihi ya aina hii lilielezwa na wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, mnamo 1976. Mtia sahihi huwa na funguo mbili: ufunguo wa siri anaoutunza mwenyewe, na ufunguo wa umma ambao yeyote anaweza kupewa.

Programu husoma faili nzima na kuitolea muhtasari wa tarakimu. Kwa kanuni inayotumika sana ya SHA-256, muhtasari huo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, iwe faili ina ukurasa mmoja au elfu moja. Mtu akibadilisha Sh5,000 kuwa Sh50,000, au hata akifuta nukta moja, muhtasari hubadilika kabisa. Ufunguo wa siri hutumiwa kuutia sahihi muhtasari huo, na ufunguo wa umma humwezesha mpokeaji kuthibitisha kwamba faili aliyo nayo ndiyo ile ile iliyotiwa sahihi.

Jinsi ya kukagua

Kwa hati za PDF, programu ya Adobe Acrobat Reader, ambayo hupatikana bila malipo, hufanya ukaguzi huo faili inapofunguliwa. Tiki ya kijani humaanisha kwamba sahihi ni halali na hati haijabadilishwa. Alama ya njano huonya kwamba aliyetia sahihi hajathibitishwa au kuna jambo linalohitaji kuchunguzwa. Alama nyekundu huonyesha kwamba sahihi si halali, na huenda hati ilichezewa. Programu nyingi za kusomea PDF kwenye rununu huonyesha picha ya sahihi bila kuikagua, kwa hivyo hazitoshi.

Kwa faili za aina nyingine, hasa programu za tarakilishi zinazopakuliwa mtandaoni, wataalamu hutumia GnuPG, iliyotayarishwa na Werner Koch wa Ujerumani na kufikia toleo lake kamili la kwanza 1999. Mpokeaji huhitaji faili yenyewe, sahihi yake na ufunguo wa umma wa aliyeitoa. Ufunguo huo sharti uhakikishwe kwa njia nyingine, kwa sababu tapeli anaweza kutuma faili bandia pamoja na ufunguo wake mwenyewe.

Karatasi haiibebi sahihi

Wateja wengi wa saiba hupoteza kinga hii bila kujua. Hati ikichapishwa, sahihi ya dijitali hubaki kwenye faili. Karatasi hubeba picha tu. Ndivyo ilivyo pia kwa picha ya skrini. Inafaa mteja aondoke na faili asilia, aitume kwa baruapepe, au kwa WhatsApp kama hati wala si kama picha.

Baadhi ya hati zinazotolewa kupitia eCitizen, huduma iliyozinduliwa 2014, huwa na msimbo wa QR unaoweza kusomwa hata kwenye karatasi. Msimbo huo humpeleka msomaji kwenye tovuti yenye rekodi. Kwa kuwa mghushi anaweza kuchapisha msimbo wake, ni lazima kuchunguza anwani inayofunguka: ya serikali ya Kenya huishia kwa go.ke. Kisha maelezo ya rekodi yalinganishwe na yaliyo kwenye karatasi.

Sheria na mipaka

Kenya ilizitambua sahihi za kielektroniki kupitia marekebisho ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 2009, na marekebisho ya sheria za biashara ya 2020 yakapanua matumizi yake. Sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 nayo iliharamisha ughushi wa data za tarakilishi.

Sahihi halali haithibitishi kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Wakala tapeli anaweza kuitia sahihi yake halali barua ya kazi isiyokuwepo Ughaibuni. Aidha, mfumo mzima hutegemea uaminifu wa mashirika yanayotoa vyeti vya funguo. Mnamo 2011, wadukuzi waliingia katika kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi na kutoa vyeti bandia zaidi ya 500; kampuni hiyo ilifilisika mwaka huo huo.

Kwa anayetumia tarakilishi ya umma, hatari kubwa ni kuusahau ufunguo wa siri humo. Atakayeupata, pamoja na nywila yake, ataweza kutia sahihi kwa jina la mwenyewe, na hakuna programu itakayotofautisha sahihi hiyo na ya kweli.